Mwalimu Donat na Maswali ya Bukavu

Mwalimu Donat Sikuli alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, na sauti yake ya kufundisha kugawanya ilivuka barabara na kuwafikia hata wasiotaka kujua kugawanya. Alizaliwa Butembo, akasomea ualimu kwa mapadri, akaletwa Goma angali kijana. Miaka ile ya hamsini alishika darasa la mwisho la shule ya misheni, lile ambalo watoto wake walipelekwa Bukavu kufanya mtihani wa kuingia kolezi, yaani sekondari ya mapadri. Alikaa Katoyi, ambayo siku hizo ilikuwa zaidi mashamba ya maharage na mawe meusi ya volkano kuliko nyumba za watu, nami nilikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mimi ni Hitimana, fundi cherehani, mtu wa Rutshuru. Nilimshonea suruali mara kadhaa, na kila mara alilalamika kwamba zinambana. Kosa si langu kama mkewe, Mama Kahindo, alijua kupika.

Ili umwelewe Donat lazima uelewe kolezi ilikuwa nini kwetu. Mtoto aliyeingia kule alitoka karani, mwalimu au padri, na ukoo mzima ukapata mtu wa kuzungumza na serikali. Aliyekosa alirudi kwa ng'ombe, au kwenye mashamba ya kahawa ya Wazungu. Nafasi zilikuwa chache na watoto walitoka Kivu yote. Kwa hiyo kila Jumamosi Donat alikuwa akiwapa wake mtihani wa majaribio, ulioandikwa ubaoni kwa mwandiko wake mzuri, na ukipita pale dirishani ungefikiri kuna misa ya wafu kwa jinsi palivyokuwa kimya.

Lakini angejuaje Bukavu wanauliza nini? Karatasi za mtihani zilikusanywa papo hapo, hakuna mwalimu mweusi aliyepewa hata moja kuitazama. Donat akabuni njia yake. Kabla watoto hawajapanda meli ya ziwani kwenda Bukavu aliwagawia maswali kama mtu anayegawa mizigo ya safari: wewe utabeba dikte, yaani imla, kichwani, wewe hesabu ya kwanza, wewe ya pili, wewe habari za mito na wafalme. Kila mmoja alitakiwa kurudi na lake tu. Meli ikirudi, Donat alikuwa gatini kabla kamba haijafungwa. Aliwachukua mpaka nyumbani, Mama Kahindo akawapa viazi na samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi, na huku wakila yeye aliuliza. Mwaka uliofuata mitihani yake ya Jumamosi ilifanana na ile ya Bukavu hata watu wakasema mwalimu anaiota. Miaka kadhaa watoto wake walipita vizuri, na Donat akaanza kutembea kifua mbele. Nilimwambia vifungo vya shati vitakatika.

Halafu kule juu, kwa wakubwa tusiowafikia, yakazuka mabishano kuhusu shule za watoto wa Kongo. Wengine walitaka zifuate za Ulaya, wengine zibaki zilivyo. Tembo wakipigana, wewe unajua nani huumia. Mtihani wa kolezi ukaanza kubadilika, na hakuna aliyekuja Goma kutuambia. Mwaka wa kwanza akapita mtoto mmoja tu wa Donat. Mwaka uliofuata hakupita hata mmoja.

Katika hao walioanguka alikuwemo Evariste Nsanzimana, mtoto wa Kibati, mrefu, mpole, mwenye kuinamisha macho akisemeshwa. Huyu ndiye Donat aliyemtegemea kuliko wote. Baba yake alikufa, mama yake Athanasie alimlea kwa maziwa ya ng'ombe wachache, na baba yake mdogo wa Masisi alikwisha sema wazi kwamba vitabu vimetosha, kijana aje kuchunga. Mama Athanasie alimwomba ampe mwaka mmoja tena. Umri nao ulikuwa unamalizika: kolezi haikupokea vijana wakubwa, na mwaka uliokuwa unakuja ndio ungekuwa wa mwisho kwa Evariste. Akianguka tena, basi.

Donat alikasirika. Alisema watoto wa siku hizi ni wavivu, wamezoea kucheza mpira kwenye majivu ya volkano. Nilimsikia akiwahoji uani kwake, sahani zikiwa mapajani mwao.

"Ile hesabu ya kwanza," alisema, "ilikuwa kama ile yetu ya treni mbili, si njo?"

"Njo, mwalimu," akaitikia Evariste.

"Na ile ya pili, kama ile ya pipa la maji?"

"Njo, mwalimu. Ilikuwa kama yako tu."

"Sasa munashindwa juu ya nini, kama ni yangu tu?"

Wakainamisha vichwa juu ya viazi. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta nikitia uzi kwenye sindano, na nilihisi kuna jambo halijakaa sawa, ila sikujua ni lipi. Nilikuwa na gauni la arusi la kumaliza.

Baada ya wiki chache Donat akaamua kwenda Kibati kumwona Mama Athanasie, akaniomba nimsindikize kwa ajili ya lugha. Kinyarwanda chake kilikuwa cha kununulia ndizi tu. Tulipanda barabara ya Rutshuru asubuhi, volkano mbele yetu, na jua lilipokuwa kali tulishafika. Mama Athanasie alitutandikia mkeka, akatuletea maziwa, akakaa kando kidogo kama heshima inavyotaka. Kumbe Kiswahili alikijua. Evariste alitusalimu kwa mikono miwili, akatoka nje.

"Mama," Donat akasema, "nimekuja juu ya mutoto. Hakupita."

"Tulisikia, mwalimu. Njo vile Mungu alipenda."

"Mimi sijui kama ni Mungu. Nilimufundisha. Egzame yenye nilimupatia hapa na ile ya Bukavu ni moja, yeye mwenyewe aliniambia. Sasa niko najiuliza anaumwa ao namna gani."

Mama Athanasie alikisogeza kando kibuyu chake cha maziwa.

"Mwalimu, mimi sikusoma," akasema. "Lakini kuna mutoto wa jirani. Ule mutoto wa jirani anasema kule Bukavu kulikuwa maulizo yenye hawakufundishwa. Anasema walipewa namba mingi, zingine hazina kazi, na wao waliziweka zote. Anasema pia waliulizwa wafikiri nini, na hawakujua kama mutoto anaweza kuulizwa vile. Lakini ni mutoto tu, mwalimu. Asikusumbue."

Akatuongezea maziwa na kuanza kuuliza habari za Mama Kahindo.

Tulipokuwa tunarudi Donat alitembea kwa hasira, akipiga mawe teke. "Huyo mutoto wa jirani," akasema, "alisoma shule gani? Nani alimutuma Bukavu?"

Hapo nikasimama katikati ya barabara nikacheka mpaka nikashika tumbo.

"Mwalimu, wewe uliona nyumba ya jirani?"

Akafikiri. Kuzunguka ua wa Mama Athanasie palikuwa na zizi, shamba la mtama, na mawe meusi mpaka jicho linapochoka. Nyumba ya karibu ilikuwa ya mzee mmoja asiye na mtoto wala mjukuu.

"Basi ni nani?"

"Ni Evariste."

Nikamweleza, na nilipokuwa nikimweleza nami mwenyewe ndipo nikaelewa kile nilichokisikia juu ya ukuta. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mkubwa wake "hapana." Mwalimu akiuliza, "Ilikuwa kama yangu, si njo?" basi jibu ameshalitoa yeye mwenyewe, na kilichobaki kwa mtoto ni kulipokea. Kumwambia, "Mwalimu, ulitufundisha kitu kingine," ni kumvua kofia mbele za watu. Ukweli unaupitisha kwa mtu mwingine, kwa jirani, kwa msafiri, kwa mtoto fulani wa kule, na mkubwa mwenye akili anausikia na heshima yake inabaki.

"Heshima si utumwa," Donat akasema kwa ukali.

"Si utumwa, mwalimu. Lakini wewe ulikuwa unauliza na jibu mukononi."

Tulitembea mpaka tukaanza kuliona ziwa, ndipo akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Miaka mbili. Nimewatuma watoto kwa vita na mikuki ya vita ya zamani." Aliona haya, na mimi nilimwonea huruma. Mtu mwenye sauti kubwa akinyamaza inaumiza kumtazama.

"Usiwaulize wao," nikamwambia. "Uliza jirani."

Jumapili iliyofuata akawaita tena wote walioanguka. Mama Kahindo akapika. Safari hii Donat alikaa chini kwenye kigoda badala ya kiti chake, akaacha watoto wale kwanza, akasema kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Evariste, ule kijana wa Rutshuru mwenye alikaa nyuma yako kule Bukavu. Yeye alishindwa wapi?"

Evariste akaacha kutafuna. Akamtazama mwalimu wake, akatazama viazi, akamtazama tena.

"Ule, mwalimu?" akasema. "Ule aliteseka sana."

Na mfereji ukafunguka. Sijapata kusikia kijana mwenye bahati mbaya kama yule wa Rutshuru. Aliulizwa hesabu ya meli iliyobeba magunia ya kahawa, uzito wa kila gunia ukatajwa, na umri wa nahodha pia, naye akajumlisha umri wa nahodha pamoja na kahawa. Alisomewa habari ya mkulima ambaye mvua inamchukulia udongo wa shamba la mlimani, akaulizwa mkulima afanye nini na kwa sababu gani, naye akaandika sala ya kuomba mvua nzuri. Wenzake Evariste nao wakakumbuka majirani zao, mmoja alikaa karibu na mtoto wa Masisi, mwingine karibu na mtoto wa Idjwi, na wote hao walikuwa wameumia vibaya. Mama Kahindo alikuwa akicheka jikoni. Donat hakucheka. Alikuwa anasikiliza kwa mdomo wazi.

"Na juu ya nini, sababu gani, aliweka miaka ya nahodha?" akauliza pole pole.

"Ilitolewa, mwalimu," Evariste akasema. "Mutu mukubwa akikupatia kitu, hauwezi kukiacha pale."

Kesho yake Donat aliachana na mitihani yake yote ya zamani. Treni mbili, pipa la maji, mito ya Ubelgiji, vyote alivyokuwa amevijenga kwa miaka na kuvipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wake. Najua ilimuuma kwa sababu alinijia jioni akakaa karibu na cherehani yangu bila kusema neno, na Donat hakuwa mtu wa kukaa bila kusema neno. Halafu akaniuliza mita za kitambaa cha kaptula moja ni ngapi, na mwenye duka anaitwa nani, na cherehani yangu nilinunua mwaka gani. Jumamosi watoto wakayakuta yote ubaoni katika hesabu moja, na cherehani yangu ikawaponza nusu ya darasa.

Mwaka ule wote aliwatengenezea hesabu zenye miiba. Mama anauza viazi, ana watoto wanne, Jumanne mvua ilinyesha, je, amebaki na viazi vingapi? Watoto walipata taabu kuwaacha wale watoto wanne. Taabu kubwa zaidi ilikuwa ile ya kusema wanavyofikiri. Aliwauliza kwa nini nyumba za Goma zinajengwa kwa mbao juu ya mawe, wakamjibu, "Kwa sababu mwalimu alisema." Hakuwa amesema. Basi akaanza kukosea kwa makusudi. Aliandika ubaoni jibu ambalo hata mtoto wa mwaka wa kwanza angeliona ni bovu, akakunja mikono kifuani, akangoja. Darasa likanyamaza. Asubuhi nzima likanyamaza. Siku nyingine tena vilevile. Mwishowe Evariste akasimama, macho kwenye vidole vya miguu.

"Mwalimu, mutu mwenye kupita pale dirishani anaweza kusema ile jibu haifike."

"Huyo mutu ana akili," Donat akasema. "Mwambie aingie."

Darasa likacheka, na Evariste akacheka nao. Donat alinihadithia hivyo jioni ileile, akiwa na furaha kama aliyeuza ng'ombe vizuri. Lakini kicheko hakikumwondolea hofu. Watoto wengine wangeweza kurudi mwaka mwingine, Evariste hakuweza, na baba mdogo alishatuma fimbo mpya ya kuchungia, kama mtu anavyotuma barua. Nilimwona Donat kanisani akiomba na macho yamefumbwa kwa nguvu, wakati kwa kawaida alikuwa akihesabu nani hajaja.

Siku ya meli alikwenda gatini kuwaaga, akagawa maswali kama desturi. Evariste alipewa la mwisho. Mama Athanasie alishuka kutoka Kibati, akasimama mbali na watu, na meli ilipoondoka hakupunga mkono.

Ziwa lilikuwa limetulia waliporudi. Nilikwenda na Donat. Sikuwa na kazi pale ila sikuweza kukaa. Watoto walishuka mmoja mmoja wakiwa wamekunjamana kwa usingizi. Donat alimwendea Evariste, akakohoa, akaanza kuzunguka kama alivyojifunza.

"Sasa, Evariste. Ule mwenye alikaa pembeni yako—"

"Hapana wa pembeni, mwalimu," Evariste akasema. "Ni mimi."

Watu waliokuwa karibu wakageuka. Macho ya Evariste yalikuwa usoni mwa mwalimu.

"Ile ya mwisho haukutufundisha. Walitupatia karte, ramani ya nchi yenye hatuijui, na rula, wakasema tutafute njia ya lori kutoka mji mumoja mpaka mwingine na tueleze juu ya nini tumechagua ile. Haiko mu maulizo yako hata moja. Wamebadilisha tena."

Mwaka mzima wa miiba, na bado Bukavu walikuwa wamehamisha goli. Donat akakaa juu ya gunia la mtu.

"Na wewe ulifanya namna gani?" akauliza.

"Nilikaa kwanza. Nikaona kuna njia mufupi, lakini inapita mutoni bila daraja. Nikaandika ile ndefu. Nikasema ni juu ya mvua."

"Ni nani alikuambia habari ya mvua?"

"Hakuna, mwalimu. Nilifikiri."

Donat alimshika kichwa kwa mikono miwili, mbele ya mabaharia na wachuuzi, akalia waziwazi. Mimi sina aibu kusema nililia pia, ingawa nilisingizia moshi wa meli. Kisha akajipangusa, akawaambia twende, chakula kinapoa, na kabla hatujafika Katoyi alishaanza kuwauliza ile karte ilikuwa kubwa kiasi gani.

Majibu yalikawia. Hizo ndizo zilikuwa wiki mbaya. Baba mdogo alifika kutoka Masisi akakaa Kibati, akingoja kuondoka na kijana, na si mtu mbaya, alikuwa na ng'ombe wengi na mikono michache. Donat aliharibu masomo matatu ya hesabu mfululizo na safari hii si kwa makusudi. Ndipo Jumapili moja, baada ya misa, Padri akasoma majina ya waliopokelewa kolezi. La Evariste Nsanzimana lilikuwa la pili. Baba mdogo alipiga makofi kuliko watu wote, nikamsamehe.

Alipokwenda Bukavu kuanza masomo nilimshonea kaptula mbili na shati. Tulisimama gatini, Donat, Mama Athanasie na mimi. Kijana alipanda, akapotea katikati ya watu na mizigo, kisha tukamwona juu karibu na ukingo, mrefu kuliko wengine. Hakutazama chini. Meli ikaenda mpaka ikawa ndogo, na Donat, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisema juu ya Kilatini na juu ya mitihani mingine inayomngoja mtoto, akabaki anaitazama.

Mama Athanasie ndiye aliyesema.

"Umeninyanganya mutoto, mwalimu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja jambo lilivyo, na alikuwa ameushika mkono wa Donat kwa mikono yake yote miwili, hauachi.

Donat akavua kofia yake.

"Njo, mama," akasema. "Nimemunyanganya."

Mama Athanasie akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Kisha akaagana nasi akashika njia ya Kibati, kwa maana ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa.